Siku Kogo Alipotembea Mipaka Ghorofa ya Tatu

Nikisema ukweli, nyumba ile niliipenda kabla haijawa nyumba. Ilikuwa shimo, baadaye ikawa nguzo, halafu ikawa kuta za kijivu zilizovishwa neti ya kijani, na mimi nilikuwa nikipita hapo nikitoka shule hata kama kulikuwa na njia fupi zaidi ya kwenda stejini kupanda matatu.

Mtaa wenyewe ni ule wa zamani, nyuma ya maduka ya mawe yaliyojengwa na Wahindi hata kabla nyanya yangu hajazaliwa. Yana varanda na nguzo nono, na juu ya kila paa kuna mwaka umechongwa, ila njiwa wameuchafua hadi huwezi kuusoma. Sijui fundi wa kwanza alihamia huko lini. Sasa wako kila mlango: waandika mabango, watengeneza magitaa, washona majoho ya kwaya, wachonga vinyago. Hata godauni moja ya mahindi imegeuzwa ukumbi wa maigizo. Sisi tunauita tu Kwa Mafundi. Na katikati ya huo uzee wote likaota hilo jengo jipya la ghorofa sita, madirisha yanang'aa kama meno ya mtoto.

Sisi tulikuwa tunaishi mtaa wa Munyaka, nyumba ya kupanga. Chumba changu kilikuwa pia cha ndugu zangu wawili, wanaopigana hata wakiwa wamelala. Kwa hivyo mama aliposema, tukiwa mezani, kwamba yeye na baba wamepata nyumba ya kununua, na kwamba iko Kwa Mafundi, ghorofa ya tatu, upande wa barabara, na kuna chumba changu peke yangu, nilishindwa kumeza chakula. Ndugu yangu mdogo alinikodolea macho. "Mama, huyu analia na ugali kwa mdomo."

Sikuwa nalia. Ama labda kidogo.

Kulikuwa na jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa kogo.

Kogo ni nyanya yangu, mamake mama. Anaishi Ainabkoi na ng'ombe wake na viazi vyake. Alikuwa amempa mama kipande cha shamba, na ndicho wazazi wangu walitaka kuuza ili wanunue nyumba. Mnunuzi wa shamba tayari alikuwepo. Lakini hati ilikuwa bado kwa jina la kogo, na bila sahihi yake hakuna shamba linalouzwa wala nyumba inayonunuliwa. Na upande wa barabara ilikuwa imebaki nyumba hiyo moja tu. Kijana wa mauzo wa jengo hilo alikubali kutushikia hadi Jumamosi, baada ya hapo angempa mtu mwingine aliyekuwa akimpigia simu kila asubuhi.

Mama alimpigia kogo akiwa ameweka simu kwenye spika, ili baba asikie. Baba mwenyewe hangeongea. Yeye ni wa upande wa Kakamega, na kwao mtu anamheshimu mama mkwe kwa kukaa mbali naye. Hawali meza moja, hawakai chumba kimoja. Wamependana hivyo tangu nizaliwe.

"Ploti ni kubwa kiasi gani?" kogo aliuliza.

"Mama, si ploti. Ni nyumba. Iko ghorofa ya tatu."

"Ya tatu kutoka wapi?"

"Kutoka chini."

"Na wale wa chini, wameuziwa nini?"

"Wameuziwa ya chini."

Tulisikia ng'ombe mmoja akilia kule kwa kogo. "Kwa hivyo mnataka kuuza udongo wangu mnunue hewa."

Baba alijiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia meza.

"Mama, kuja tu uone," mama akasema.

"Nitakuja. Mniitie majirani. Nataka kuona mipaka."

Inabidi nieleze hapa. Kwa kogo ardhi hainunuliwi kwa karatasi tu. Muuzaji na mnunuzi wanautembea mpaka wote kwa miguu, na majirani wanakuja kila mmoja anasimama upande wake na kusema, mimi ni wa hapa, huyu ni wa pale. Halafu watu wanakunywa maziwa. Kogo husema karatasi haiwezi kukutembelea ukiwa mgonjwa, lakini jirani anaweza. Mama alijaribu kumwambia kwamba ghorofa haina mipaka ya hivyo. Kogo alikuwa amekata simu.

Jumamosi akaja. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa na skafu ya buluu, mkono mmoja ameshika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mkono mwingine mfuko wa karatasi. Kijana wa mauzo alitupokea mlangoni, viatu vimechongoka, tai imekazwa. Akachungulia mfuko, akaona mabuti ya mpira.

"Gambuti za nini, mama?"

"Mpaka hautembewi kwa viatu vya kanisa," kogo akamjibu, akaanza kupanda ngazi.

Baba alibaki ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, kwa sababu ya ile heshima. Alituaga kama mtu anayesindikiza wagonjwa hospitalini.

Mimi nilikuwa nimeiona nyumba kwa nje tu. Kijana alipofungua mlango nilisikia harufu ya rangi mpya na mbao mpya, nikataka kukimbia huku na huku kama ndugu zangu, lakini mimi sikimbii mbele za watu. Nikatembea haraka. Jikoni kulikuwa na makabati meupe, na mfereji ukifungua maji yanatoka kwa nguvu hadi yanakurukia kifuani. Nilirukiwa. Bafu lina vigae hadi juu. Halafu chumba changu! Si kikubwa. Kinatosha kitanda, meza, basi. Lakini dirisha lake linaangalia barabara yote ya mafundi, na chini yake moja kwa moja ni mahali yule mzee mwandika mabango huweka kazi zake zikauke, na shingo za magitaa zimetundikwa kwenye waya kama nyama ya kukausha. Niliweka paji la uso kwenye kioo.

Sebuleni kogo alikuwa ameanza kazi.

"Huu ukuta ni wetu ama ni wa jirani?"

"Ni wenu nyote wawili, mama," kijana akasema. "Hakuna anayeweza kuubomoa bila mwenzake."

"Kama ua wa miti."

"Kama ua kabisa."

"Ua ukianguka?"

"Mnausimamisha pamoja. Hata paa ni hivyo, hata ngazi. Kila mtu ana sehemu yake, na kwa hati imeandikwa."

Kogo aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Hiyo nimeelewa," kogo akasema. "Umeeleza vizuri. Sasa jirani wa hapa ni nani?"

"Hiyo ni ya mwanariadha. Yuko ng'ambo, anakimbia."

"Huyo hawezi kusimama mpakani. Na hapa?"

"Hapa, ya upande wa nyuma, bado haijauzwa. Na ya juu ni ya daktari mmoja, atahamia mwaka ujao."

"Na ya chini?"

Kijana akakuna shingo. "Ya pili ni stoo ya kampuni. Ya kwanza ni ofisi yetu. Chini kabisa ni mafundi. Walikuwa hapa kabla ya jengo, mwenye jengo akawarudishia nafasi zao."

"Basi hao ndio majirani," kogo akasema. "Waitwe."

Mama akaanza kuelekea mlangoni. Kogo akamshika mkono. "Wewe ni mnunuzi, unakaa. Anayeita majirani ni mtoto wa nyumba. Yeye ndiye ataishi nao siku nyingi." Akanigeukia.

Sijui nitaandikaje hii bila kujiaibisha. Mimi naogopa watu. Si kiburi, ingawa shuleni wengine wanasema ni kiburi. Dukani nikikuta mtu anahudumiwa, nasubiri aende, na mwingine akija nasubiri na huyo pia, hadi mama anatuma ndugu yangu aje kuangalia kama nimegongwa na gari. Mwalimu wa Kiswahili husoma insha zangu mwenyewe mbele ya darasa, kwa sababu nikisimama sauti yangu huisha kama betri.

Mama anajua. "Mama, huyu haongeangi na watu. Wacha niende mimi."

"Basi hakuna majirani," kogo akasema, akakaa kwenye kiti cha maonyesho kilichowekwa na wauzaji na kukumbatia kibuyu chake. "Na kama hakuna majirani, mimi narudi Ainabkoi."

Hakusema kwa hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kijana wa mauzo alitazama simu yake, na mimi nikajua ni yule mnunuzi mwingine alikuwa akimpigia.

Nikashuka.

Nilisimama mlangoni pa karakana kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mzee mwandika mabango, kofia yake ya sufu imejaa matone ya kila rangi, alikuwa akichora ng'ombe anayecheka kwenye bango la bucha. Kando yake dada mmoja anayetengeneza magitaa alikuwa amebana gitaa katikati ya magoti, vidole vimejaa gundi. Waliniona. Nikafungua mdomo. Nikaufunga, nikaanza kuangalia ng'ombe wa bango.

"Mzee, wa juu wameanza kushuka," dada akasema.

"Naona. Amekuja kutuambia tupunguze kelele."

"Kabla hata ya kuleta kitanda! Wacha aongee basi. Ongea, mrembo, hatukuli."

"Kogo anawaita," nikasema.

"Nani?"

"Nyanya yangu. Juu. Anataka muone mpaka."

Mzee aliweka brashi kwenye mkebe. "Mtoto, sikiliza. Kila anayekuja kuangalia hizo nyumba anamuuliza yule kijana mafundi watatolewa lini. Tunasikia, dirisha liko wazi. Sasa mwenye ghorofa akiniita juu, najua si chai ananiitia. Mwambie tuko na kazi."

Akarudi kwa ng'ombe wake. Ningeweza kuondoka wakati huo. Miguu ilikuwa tayari imegeuka. Lakini nikafikiria kile kioo kilichokuwa baridi kwenye paji la uso wangu, na maneno yakatoka yote pamoja bila mpangilio, kama viazi gunia likipasuka. Nikasema hatutaki mtolewe. Nikasema kogo hawezi kukubali nyumba kama hakuna jirani wa kusema anatujua, na wengine wote hawako, mmoja anakimbia ng'ambo. Nikasema mimi nataka kukaa hapa kwa sababu yenu, lile bango la saluni la wiki iliyopita lilikuwa zuri, hata pale nywele za yule mwanamke zilikataa ukazifuta na mafuta ya taa ukaanza upya, na zile za mara ya pili zilikuwa bora.

Mzee akageuka polepole.

"Kumbe ni wewe unasimamanga pale kwa nguzo!"

"Ndiye!" dada akapiga kelele. "Mwenye begi ya shule! Na vile mimi nilikuwa nasema anangoja boyfriend!"

"Nilikwambia anaangalia kazi."

"Mzee, ulisema ni mpelelezi wa kanjo, wale askari wa kaunti."

Walicheka hadi mshona majoho akachungulia kutoka mlango wa pili. Uso wangu ulikuwa unachoma hadi ningeweza kupigia nguo pasi. Lakini mzee alikuwa akifuta mikono, na dada alikuwa akitafuta viatu vyake.

Kogo aliwaamkia wote wawili kwa mikono miwili, rangi na gundi bila kujali. Halafu akawauliza, bila hata kuwapa kiti, "Nyinyi ni majirani wabaya ama wazuri?"

"Inategemea siku, mama," mzee akasema.

"Leo sema mabaya yako yote. Mazuri nitajionea."

Kijana wa mauzo alikohoa. Mzee alimwangalia, akamwangalia mama, kisha akasema ukweli. Vanishi inanuka hadi juu. Jumamosi kwaya zinakuja kujaribu spika na magitaa. Kuna msumeno. Dada akaongeza kwamba yeye huimba akifanya kazi, na sauti yake si nzuri.

Nilitamani wangedanganya kidogo. Mama ni muuguzi. Wiki akiwa zamu ya usiku analala mchana, na nilimwona akihesabu jambo hilo kichwani. Nikaona chumba changu kikienda.

"Kwaya zinaanza saa ngapi?" mama akauliza.

"Zikipenda."

"Zinaweza kupenda saa nane? Hadi saa nane mimi nitakuwa nimelala vya kutosha."

Mzee alifikiria. "Saa nane inawezekana. Msumeno nitauhamisha nyuma. Vanishi, mama, siwezi kukudanganya. Itanuka."

"Na wewe sema yako," kogo akamwambia mama.

Mama akanyoosha mgongo. "Sitawaitia kanjo. Sitaandika barua ya mtu yeyote kutolewa. Mkinikasirisha nitashuka na slipa zangu tupigiane kelele."

"Hapo sasa!" dada akasema.

Kogo akavaa gambuti.

Na tukatembea mpaka. Naapa tulitembea. Kogo mbele, mkono mmoja ukutani, nyuma yake mzee, dada, mama, kijana wa mauzo na tai yake, na mimi mwisho, tukazunguka sebule, tukaingia jikoni kwa mstari, tukatoka, tukapita kila chumba tukifuata kuta. Gambuti zilikuwa zinalia fwachi, fwachi kwenye vigae. Bafuni hatukutosha, ikabidi kijana arudi nyuma na kunikanyaga. Katikati ya sebule mzee alikanyaga sakafu kwa kishindo. "Mimi ni wa chini kabisa ya hapa," akatangaza kwa sauti nzito ya kanisani. "Hawa ni wa juu. Nawajua." Dada naye akasema hivyo hivyo, akacheka katikati, akarudia bila kucheka.

Simu ya mama ikaita. Ilikuwa baba, kutoka kibanda cha chai. "Mbona nawaona dirishani mnazungukazunguka? Kuna nyoka?"

"Tunatembea mpaka."

"Woiye. Kijana wa mauzo ametoroka?"

"Yuko kwa mstari."

Baada ya hapo kijana akaosha vikombe vya maonyesho na kogo akamimina mursik, wa kijivu na mzito, unanukia mkaa. Nilidhani kijana atakataa. Alikunywa kikombe chote bila kupumua, akafuta mdomo. "Mimi ni wa Sugoi, mama. Hii nimelelewa nayo."

"Na umeniacha niongee Kiswahili tangu asubuhi, na lugha yetu ni moja!" kogo akamzomea, na hata mama akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mafundi wakarudi kazini. Kogo hakuwa amesema ndiyo. Aliingia chumba changu peke yake, na mama akanisukuma nimfuate. Alikuwa dirishani, anaangalia chini, ambapo mzee alikuwa akimwongezea ng'ombe wake kengele shingoni.

"Hapa ndipo utalala?"

"Ndiyo, kogo. Kama utakubali."

"Udongo hakuna. Hata kitunguu huwezi kupanda." Akavuta pumzi ndefu. "Nilidhani mnakuja kukaa na kuta. Nikaona mtoto asiyeongea atanyamaza kabisa huku juu, siku moja tusikie amekuwa kabati." Aligusa kioo kwa kidole, pale nilipoacha alama ya paji langu. "Wale watu walikuja ulipowaita?"

"Walikuja."

"Uliwaambia nini?"

"Mambo mengi. Sijui."

Kogo aliguna. Kisha akapaza sauti kumwambia mama kule sebuleni, "Wewe! Leta hizo karatasi za shamba Jumatatu. Na kalamu iwe nyeusi, ile ya buluu huwa inafifia."

Mama alipiga yowe ambalo lazima lilifika stejini. Baba alilisikia, kwa sababu alitoka kibandani na kikombe mkononi, akasimama katikati ya barabara akipunga mkono juu, na pikipiki ikampigia honi. Kijana wa mauzo aliketi sakafuni akalegeza tai. Mama alikuwa ananikumbatia, ananiachilia, ananikumbatia tena.

Halafu nikatoka mlangoni na kushuka ngazi, mbili mbili. Hakuna aliyenituma. Nilifika karakana bila pumzi, nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe, "Amekubali!"

"Karibu, jirani!" dada akajibu, akapiga nyuzi zote za gitaa kwa mara moja, na mbili hazikuwa zimekazwa. Mzee akaniuliza ninaonaje hiyo kengele ya ng'ombe, ni kubwa sana ama? Nikamwambia ni kubwa. Akauliza kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Tukaanza kubishana, mimi na mtu mzima, kuhusu kengele, na nilikuwa bado nabisha wakati mama alipotoa kichwa dirishani ghorofa ya tatu na kupiga kelele mtaa mzima usikie:

"Wewe! Kuja ubebe gambuti! Kogo anasema ng'ombe hawajakamuliwa!"